Kazi ya Filamu na Matamasha kwa Mwanamke Aliyeko Dodoma: Mwongozo Kamili

Mwongozo huu umeandikwa kwa mwanamke aliyeko Dodoma, Kondoa, Mpwapwa, Manyoni au Singida ambaye anataka filamu iwe kazi ya kumlisha na si jambo la kupitisha Jumamosi. Nimefanya kazi hii kwa upande wa uzalishaji na kwa upande wa matamasha, yaani nimehesabu sahani za wali za waigizaji mchana na nimekesha nikichuja filamu za watu wengine usiku. Nilichojifunza ni kwamba anayejua jinsi filamu inavyotengenezwa na pia jinsi inavyochaguliwa hudumu katika kazi kuliko anayejua upande mmoja tu, na kwamba pande zote mbili zinaendeshwa kwa karatasi zilizotiwa saini kabla kamera haijawashwa.

Hatua ya kwanza: chagua fundi utakayekuwa

Wengi wanaonijia wanataka kuigiza au kuongoza. Sina ugomvi na ndoto hiyo, lakini sishauri mtu aanzie hapo, kwa sababu nafasi hizo ni chache na anayezigawa mara nyingi ni mtu asiyekujua. Seti ya filamu ina mratibu wa uzalishaji, msaidizi wa mwongozaji, mtunza mwendelezo (anayehakikisha mavazi na vitu havibadiliki kati ya picha moja na nyingine), mrekodi sauti, mhariri, mtu wa mavazi na mtu wa mapambo, na kati ya hao wote ningemshauri binti anayeanza leo achague sauti au uratibu. Hapa Dodoma ukimtaka mpiga kamera utampata kabla ya chai ya saa nne. Ukimtaka mrekodi sauti anayeielewa kazi yake, mara nyingi unamwagiza kutoka Dar es Salaam na kumlipia nauli na malazi, na kwa hiyo yule atakayejifunza kazi hiyo hapa hapa atakuwa na simu inayoita.

Mafunzo yapo. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama chuo cha sanaa mwaka 1981, imefundisha vizazi kadhaa vya wasanii, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa bunifu. Kwa Afrika Mashariki yote, warsha za Maisha Film Lab, zilizoasisiwa na mwongozaji Mira Nair nchini Uganda mwaka 2004, zimewapokea waandishi na waongozaji kutoka Tanzania pia. Asiyeweza kuondoka nyumbani ajifunze uhariri kwa programu ya DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure linalotosha kabisa kwa filamu fupi, kisha amfuate fundi mmoja anayeheshimika na kumbebea nyaya kwa miezi mitatu. Huko kubeba nyaya ndiko kunakofundisha kwa nini mwongozaji anapaza sauti na kwa nini ratiba huvurugika baada ya chakula.

Hatua ya pili: panga kitakacholipa kodi ya nyumba

Filamu fupi hailipi kodi ya nyumba. Kwa mwanamke aliyeko Dodoma zipo njia tatu za kuingiza kipato huku akijenga jina.

Njia ya kwanza ni sherehe. Wenzangu wengine huona haya kusema kwamba walianza na harusi, ilhali harusi ni shule nzuri, kwa sababu bibi harusi haingii ukumbini mara mbili na wewe huna nafasi ya kuomba arudie. Kitchen party ni soko letu hasa: shughuli ni ya wanawake, maneno yanayosemwa mle ndani ni ya wanawake, na mama mwenye shughuli hataki kumwona mwanamume akizunguka na kamera wakati somo anamfunda mwali. Mwanamke mwenye kamera moja, taa mbili na ulimi unaotunza siri hakosi kazi kila wikiendi.

Njia ya pili ni makala za taasisi. Tangu wizara zihamie Mtumba, Dodoma imejaa ofisi zinazohitaji video za miradi, mikutano na mafunzo. Zabuni za serikali hupita katika NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali wa mtandaoni, kwa hiyo sajili jina la biashara au kampuni kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, pata namba ya mlipakodi na leseni ya biashara, kisha jisajili humo. Sheria ya manunuzi ya umma imetenga asilimia 30 ya bajeti ya manunuzi kwa makundi maalumu, wakiwemo wanawake na vijana, na kikundi chenu cha mafundi wanawake kinaweza kuingia kwa mlango huo.

Njia ya tatu ni mkopo, na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 huenda kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Upo pia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania, unaokopesha wasanii. Mkopo wowote kati ya hii usiutumie kutengeneza filamu, kwa kuwa rejesho ni la kila mwezi na filamu hailipi kila mwezi. Utumie kununua vifaa vinavyokodishwa, kama vile maikrofoni zisizo na waya, taa na jenereta ndogo isiyopiga kelele, halafu vifaa hivyo ndivyo vitakavyorejesha deni na kuisaidia filamu yako siku za katikati ya wiki visipokodishwa.

Hatua ya tatu: tafuta hadithi unayoweza kuifikia kwa miguu

Mwalimu mmoja wa shule kutoka Senegali, Safi Faye, alihudhuria Tamasha la Dunia la Sanaa za Watu Weusi mjini Dakar mwaka 1966, akakutana huko na mtengenezaji filamu Mfaransa Jean Rouch, na baadaye akaenda Paris kusomea elimu ya tamaduni na filamu. Mwaka 1975 alitoa filamu ndefu iliyorekodiwa katika kijiji cha wazazi wake, ikihusu wakulima waliobanwa na zao la karanga. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara kutoa filamu ndefu iliyosambazwa kibiashara. Namtaja kwa sababu mbili. Kazi yake ilianzia kwenye tamasha, kabla hajawa na filamu hata moja ya kupeleka. Na hadithi yake ilikuwa ya karanga, jambo ambalo mtu wa Kongwa, palipoendeshwa ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951, angeweza kulisimulia akiwa amefumba macho.

Nyumbani kwetu kuna mashamba ya zabibu, kuna majaruba ya mpunga Bahi, kuna michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na kuna akina mama wa Kigogo wanaopiga muheme ngoma zikiwa zimebanwa mapajani. Andika filamu ya dakika 10 hadi 15, yenye wahusika wachache na maeneo yasiyozidi matatu. Nimeona filamu nyingi fupi za dakika 28 ambazo ndani yake kulikuwa na filamu nzuri ya dakika 12, na mchaguzi wa tamasha anapopanga kipindi cha dakika 90 huona ni rahisi kuingiza filamu sita za dakika 15 kuliko tatu za dakika 28.

Hatua ya nne: karatasi kabla ya kamera

Katika filamu yangu ya kwanza niliratibu kila kitu, kuanzia usafiri hadi dawa ya mwigizaji aliyeumwa tumbo, kwa makubaliano ya mdomo na kampuni ambayo sitaitaja. Siku ya onyesho nilivaa kitenge kipya, nikakaa mstari wa tatu, nikasoma majina yote yaliyopanda mwishoni mwa filamu. Dereva alikuwamo. Mwenye nyumba alikuwamo. Mimi sikuwamo, na sikuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha mtu.

Kwa hiyo kila anayegusa filamu apewe mkataba wa ukurasa mmoja au miwili kwa Kiswahili, unaosema jina lake litaandikwaje na kwa cheo gani, atalipwa kiasi gani na lini, filamu inaruhusiwa kutumika wapi (matamasha, televisheni, intaneti), na fedha za tuzo zikipatikana zitagawanywaje. Mwandishi wa muswada asaini hati ya kukabidhi haki kwa kampuni inayozalisha. Bila hati hiyo tamasha kubwa au msambazaji hataigusa filamu yako hata akiipenda. Muziki nao una mikataba yake. Ukirekodi kikundi cha muheme, kilipe, saini na kiongozi wake mbele ya wanakikundi, na uandike majina ya wapigaji wote. Wimbo uliousikia redioni usiuweke kabisa, hata sekunde kumi, isipokuwa umepewa ruhusa ya maandishi na mwenye nao. Kazi yako inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 tangu ilipoundwa, lakini kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hukupa ushahidi siku utakapouhitaji.

Vibali ni mlolongo mwingine. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inakutaka uwe na kibali cha kutengeneza filamu, na filamu ikikamilika ikaguliwe na kupewa daraja kabla ya kuonyeshwa kwa umma. Mambo hayo yote yako chini ya Bodi ya Filamu Tanzania. Ukishapata kibali, peleka nakala yake pamoja na barua kwa mkurugenzi wa jiji au halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Usiruke ngazi ya chini kwa kuwa umepewa muhuri wa juu. Mwenyekiti wa kijiji asiyepelekewa taarifa ana njia nyingi za kukuonyesha kwamba kijiji ni chake. Majengo ya serikali, kambi za jeshi na eneo la Bunge usiyaelekezee kamera bila ruhusa mahususi. Ndege isiyo na rubani inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na si hicho peke yake. Mtoto akionekana katika filamu, mzazi au mlezi asaini.

Hatua ya tano: bajeti na kalenda ya nyanda za kati

Ukurasa mmoja wa muswada ulioandikwa kwa mpangilio unaotakiwa huwa takriban dakika moja ya filamu. Filamu ya kurasa 15 ikirekodiwa kwa siku 4 ni kama kurasa 4 kwa siku, mwendo unaowezekana bila watu kuzimia. Tuseme mko watu 14, na kila mtu anakula mara mbili kwa siku: hizo ni sahani 112. Kwa shilingi 4,000 kila sahani, chakula peke yake ni shilingi 448,000, kabla ya maji, na maji ya kunywa Dodoma mwezi wa Oktoba si jambo la kuandikwa mwishoni mwa orodha. Fanya hesabu ya namna hiyo kwa usafiri, vifaa, malipo ya watu, kibali, uhariri, tafsiri na ada za matamasha, kisha ongeza asilimia 10 ya dharura. Watengenezaji wengi husahau ada za matamasha na nakala za filamu, wanamaliza fedha siku ya mwisho ya uhariri, na filamu inalala kwenye diski miaka miwili.

Katika bajeti ya mwanamke anayezalisha kuna mistari ambayo wenzetu hawaiandiki. Andika choo: kijijini ongea na kaya moja au shule iliyo karibu, lipia na nunua sabuni. Andika turubai au chumba cha kubadilishia mavazi. Andika gari la kumrudisha kila mwanamke hadi mlangoni kwake kazi ikipita saa moja usiku. Kama fundi wako ananyonyesha, andika posho ya binti wa kumshikia mtoto. Utapata fundi anayefanya kazi akiwa ametulia, tena kwa gharama ndogo kuliko kumtafuta mwingine.

Kuhusu kalenda, mvua zetu hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na kuanzia Juni upepo huvuma kwa nguvu hadi vumbi linaingia kwenye lenzi. Mwezi wa Mei ndio niupendao, kwa sababu barabara zimekauka na nyasi bado hazijageuka kahawia zote. Angalia sana mibuyu. Niliwahi kushiriki katika filamu iliyorekodiwa Machi mbuyu ukiwa na majani tele, ikabidi tukarudie sehemu moja Agosti, tukaukuta mbuyu ule ule umesimama mtupu kama umevuliwa nguo, na katika filamu mhusika anaanza sentensi masika na kuimaliza kiangazi. Saa sita mchana jua la Dodoma huweka vivuli vyeusi machoni pa mwigizaji, kwa hiyo panga kazi za nje kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa nne, kisha saa tisa hadi kumi na mbili jioni, na muda wa katikati uwe wa mambo ya ndani ya nyumba.

Hatua ya sita: siku ya kurekodi

Jioni ya siku iliyotangulia, kila mtu atumiwe ratiba ya kesho: saa ya kuripoti, mahali, sehemu zitakazorekodiwa kwa utaratibu, mavazi, namba ya dereva na zahanati iliyo karibu. Siku yenyewe mratibu hufika wa kwanza. Kazi yake kubwa ni kusikiliza, maana kijiji ambacho jana kilionekana kimya kina jogoo, kina msikiti na kanisa, na kina mashine ya kusaga.

Mashine ya kusaga ndiyo iliyonifundisha uratibu. Tulikuwa kijiji kimoja cha Chamwino, mwigizaji ameshalia machozi ya kweli, na mlio ukaanza nyumba ya nne kutoka tulipo. Msaidizi wetu kijana alikimbia kwenda kuagiza mashine izimwe, akarudi ametukanwa. Nikaenda mimi. Mlangoni walikaa akina mama saba na ndoo zao za mtama, na mzee mwenye mashine alikuwa na unga hadi kwenye kope. Nikasema mbukwenyi, salamu ya Kigogo, nikamwamkia mzee, nikakaa kwenye benchi, nikauliza foleni iko wapi. Baada ya muda akaniuliza, “Mwanangu, wewe huna mtama, umekuja kusaga nini?” Nikamweleza. Tulikubaliana dakika 40 kwa malipo ya debe nne, lakini akataka kwanza awamalizie wawili waliotoka mbali, na mimi nikawanunulia chai waliobaki. Tulipoteza nusu saa, na tulipata sauti safi. Tangu siku hiyo, katika bajeti zangu kuna mstari unaoitwa “kelele”, na ninapokagua lokesheni huuliza kwanza mashine ya kusaga iko wapi na hufanya kazi siku gani.

Liko jambo lingine linalotakiwa kusemwa waziwazi. Rushwa ya ngono ni kosa kwa mujibu wa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na mtu anayedai mwili wako ili akupe nafasi ya kuigiza au kazi anafanya kosa hilo hilo. Usaili ufanyike mchana, mahali penye watu, na wasaili wawe wawili au zaidi, mmoja wao mwanamke. Ukiitwa hotelini usiku “kusoma muswada”, jibu kwa ujumbe wa maandishi kwamba utakuja asubuhi ofisini na mwenzako, kisha utunze ujumbe huo. TAKUKURU wanapokea taarifa hizo. Wewe utakapokuwa prodyuza, taratibu hizo ziandikwe katika mkataba wa kila mmoja, wakiwemo marafiki zako.

Hatua ya saba: nakala, uhariri na tafsiri

Kamera inayorekodi kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 45 kwa saa. Ukirekodi saa mbili kila siku kwa siku 4, utakuwa na gigabaiti 360. Nunua diski mbili za terabaiti moja, nakili kwenye zote mbili kila jioni kabla kadi haijafutwa, na diski hizo zisilale nyumba moja. Nakala ya tatu iwekwe kwa mtu unayemwamini au mtandaoni. Kadi haifutwi mpaka mtu mmoja amefungua faili na kuzitazama. Kuona tu kwamba zimehamia hakutoshi.

Uhariri nitaupita haraka, kwa kuwa unajifunzwa kwa kufanya. Tafsiri ndiyo inayoniuma. Matamasha mengi ya nje hudai maandishi ya tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa chini ya picha, na watengenezaji wetu humwachia kazi hiyo mdogo wao aliyemaliza kidato cha nne. Niliwahi kukaa na majaji wakitazama filamu ambamo binti anamwamkia mama mkwe, na tafsiri ikasema, neno kwa neno, kwamba anaishika miguu yake. Majaji wawili waliendelea kuingojea miguu hiyo. Mpe kazi mtu anayeijua vizuri lugha inayotafsiriwa na ile inayotafsiriwa kwayo. Kama wahusika wanasema Kigogo, aanze na mzungumzaji wa Kigogo na si kwa kukisia kutoka Kiswahili. Mistari isizidi miwili kwa wakati mmoja, herufi zisizidi 42 hivi kwa mstari, na maneno yakae muda wa kutosha kusomwa na mtu asiyeijua nchi yetu.

Hatua ya nane: kuipeleka filamu kwenye matamasha

Kabla ya kulipa ada yoyote, andaa folda moja yenye muhtasari wa filamu kwa sentensi moja, kwa maneno 50 na kwa maneno 150, wasifu wako mfupi, picha tano nzuri zilizopigwa na mpiga picha siku za kurekodi, kwa kuwa picha iliyokatwa kwenye video huchapishwa ikiwa na ukungu, posta, orodha kamili ya majina, na kiungo cha kutazamia kilichofungwa kwa nywila. Usibadilishe nywila hiyo mpaka matokeo yatoke. Nilipokuwa mchaguzi nilikutana mara nyingi na viungo vilivyokufa, na hakuna mchaguzi mwenye filamu mia zinazomngoja anayemtafuta mtu kumwomba nywila mpya.

Tamasha la karibu nasi ni la Zanzibar, ZIFF, lililoanzishwa mwaka 1997, ambalo maonyesho yake ya jioni hufanyika Ngome Kongwe, Mji Mkongwe, na tuzo yake kuu ni Jahazi la Dhahabu. FESPACO ya Ouagadougou, Burkina Faso, iliyoanza mwaka 1969, hufanyika kila baada ya miaka miwili, katika miaka witiri, yaani isiyogawanyika kwa mbili. Carthage nchini Tunisia ni ya tangu mwaka 1966, na Durban ya tangu 1979 ina programu ya kuwalea vijana wa kazi hii kutoka Afrika nzima. Berlin ni Februari, Cannes ni Mei, Toronto ni Septemba. Mengi hupokea filamu kupitia jukwaa la FilmFreeway, mengine kupitia tovuti zao wenyewe.

Panga utaratibu wa kupeleka, maana matamasha makubwa hutaka filamu isiwe imeonyeshwa kwingine, hasa intaneti. Ukiiweka YouTube wiki ya kwanza kwa furaha umefunga milango ambayo hukujua ipo. Chagua mawili makubwa ya kujaribu bahati, matano ya Afrika ambako filamu yako itaeleweka, na machache yanayohusu mada yako, kama ni wanawake, mazingira au watoto. Omba msamaha wa ada kwa barua fupi yenye adabu, ikieleza unatoka wapi na filamu inahusu nini. Matamasha kadhaa huutoa kwa watengenezaji wa Afrika, na asiyeomba hapewi. Jihadhari na matamasha ya barua pepe, yale yanayotoa tuzo hamsini kila mwezi, yasiyo na ukumbi wala picha ya hadhira, na yanayokupongeza kwa ushindi kabla ya kukuuzia sanamu ya tuzo yenyewe.

Ukichaguliwa, utaombwa nakala ya kuonyeshea. Mara nyingi ni DCP, yaani kifurushi cha faili kinachosomwa na mashine za majumba ya sinema. Kitengeneze mapema na ukijaribu kwenye ukumbi halisi, kwa kuwa sauti iliyokuwa nzuri kwenye spika za mezani inaweza kuzamisha maneno yote mbele ya watu mia mbili.

Hatua ya tisa: fanya kazi ndani ya tamasha

Usingoje filamu yako ichaguliwe. Matamasha huhitaji watu wa mapokezi ya wageni, ratiba, nakala za filamu, tafsiri, tiketi na habari, na wengi wao huanza kwa kujitolea. Siku hizi safari imekuwa nyepesi, kwa kuwa treni ya umeme kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam inabeba abiria tangu Julai 2024, na kutoka Dar ni boti hadi Unguja. Andika barua ya kujitolea miezi minne kabla, na uombe kitengo cha nakala za filamu, hata kama kitengo cha wageni maarufu kinapendeza zaidi. Anayepokea nakala huzungumza na watengenezaji wote, humjua fundi wa kila ukumbi, na huona kwa macho yake ni kosa gani linaloangusha filamu dakika tano kabla ya onyesho.

Ukifanya kazi hiyo vizuri misimu miwili, uliza kama wanahitaji wachujaji wa awali. Kazi hiyo hulipa kidogo au hailipi, lakini hakuna darasa la uandishi wa filamu linaloizidi. Nilitazama mpaka nikajua kwamba kama dakika tatu za kwanza zinamwonyesha mtu akiamka, akipiga mswaki na kunywa chai, mara nyingi mwandishi alikuwa bado anaitafuta hadithi yake. Nilirudi kwenye muswada wangu mwenyewe na kukata kurasa mbili za chai. Na usichuje kamwe filamu ya rafiki au ya mtu uliyefanya naye kazi. Mwambie mratibu, akupe nyingine.

Hatua ya kumi: irudishe filamu ilikotoka

Rwanda wana tamasha linalopeleka skrini vijijini, na ZIFF nayo imepeleka maonyesho mashamba, yaani vijijini, Unguja na Pemba. Wewe unaweza kuanza na usiku mmoja. Unahitaji filamu iliyokwisha kupewa daraja, ruhusa ya maandishi kwa kila filamu isiyo yako, barua kwa mtendaji na taarifa kwa polisi. Unahitaji projekta yenye mwanga wa kutosha, shuka nyeupe ya upana wa mita nne, spika mbili, na jenereta iliyowekwa mbali upande ambao upepo unakwenda, ili mlio uchukuliwe na upepo huo. Shuka ikazwe kwa kamba chini na juu na ikatwe matundu madogo, la sivyo upepo wa Julai utaifanya tanga. Anza saa moja na nusu usiku giza likiwa limekamilika, weka mikeka mbele kwa watoto na viti vya wazee pembeni, na upange mapema nani atawasindikiza wanawake wanaotoka mbali.

Sisi tuliirudisha ile filamu Chamwino. Mzee wa mashine alifika mapema, amekoga na amevaa koti, akakaa mbele kabisa. Ilipokwisha alinyamaza kidogo, kisha akanijia na kuniuliza, mbele ya watu wote, kama zile debe nne tulizomlipa zilikuwa za bure, maana ametega sikio tangu mwanzo hadi mwisho na mashine yake hajaisikia hata mara moja.